Kidole kikavu na kidole kilichosagika: mashine ipi itawasoma watu wako?

Mashine ya alama za vidole inayofanya kazi bila shida kwenye ofisi ya benki pale Posta, Dar es Salaam, inaweza kuwa mzigo mtupu kwenye kiwanda cha kubangua korosho Mtwara. Si kwamba mashine ni mbovu. Mikono ndiyo tofauti, na wauzaji wengi hawaulizi habari za mikono. Wanauliza una wafanyakazi wangapi, na kama unataka ya kuunganishwa na intaneti. Kwenye tangazo lao kidole kinachobonyeza kioo ni cha kijana aliyetoka kuoga.

Ulinganisho huu ni wa mwenye kiwanda, mkuu wa shule, meneja wa SACCOS au mkandarasi anayetaka mashine ya mahudhurio au ya kutambua wateja, na anajua kwamba baadhi ya watu wake watasimama mbele ya mashine hiyo wakibadilisha kidole baada ya kidole huku foleni ikinung'unika nyuma yao.

Kwanza tazama mikono

Kukauka na kusagika ni mambo mawili, na ununuzi mwingi wa hasara huanzia pale yanapochanganywa. Alama ya kidole ni matuta membamba ya ngozi, yaliyoachana kwa kadiri ya nusu milimita, na juu ya matuta hayo kuna vitundu vya jasho. Kidole kikavu bado kina matuta yake yote. Kilichopungua ni unyevu. Kidole kilichosagika kimepoteza matuta yenyewe, au yamelika mpaka yakakaribia kulingana na mabonde yake. Cha kwanza unaweza kukisaidia kwa kitambaa chenye maji, kwa mafuta ya usiku, au kwa mashine iliyo bora zaidi. Cha pili kitaisumbua kila mashine inayotafuta matuta, iwe ya bei gani.

Kuvitofautisha hakuhitaji mtaalamu. Washa tochi ya simu, imulike ncha ya kidole kwa ubavuni, si kwa juu. Ukiona mistari inatupa kivuli, hata hafifu, huyo ni mkavu. Ukiona ngozi laini inayong'aa, amesagika. Yuko wa tatu, mwenye nyufa, na huyu anadanganya zaidi. Mashine nyingi za mahudhurio hazitunzi picha ya kidole. Hutunza kumbukumbu ya pale tuta linapoishia na pale linapogawanyika. Ufa hukata matuta na kutengeneza miishio ya uongo. Ukimsajili mtu akiwa na nyufa, wiki mbili baadaye zimepona, na mashine inatafuta kitu ambacho hakipo tena.

Sababu za mikono kufika huko zinajulikana na kila anayefanya kazi. Simenti ikichanganywa na maji huwa na alkali kali, pH 12 na zaidi, na mchanga uliomo unakwangua. Fundi wa plasta huliwa ngozi kwa njia mbili kwa mpigo. Mafuta ya ganda la korosho yanaunguza, na mbanguaji huyashika kutwa. Jiki na sabuni ya unga huwamaliza wahudumu wa usafi na wafua nguo. Wasusi wana dawa zao za nywele. Akina mama wa mwani wa Paje na Jambiani hushinda na kamba na maji ya chumvi. Wauguzi, kwa spiriti ya mikono, mara nyingi ni wakavu tu, hawajasagika. Wazee wana yote kidogo kidogo: ngozi imepoteza mnyumbuko, matuta yameshuka, jasho limepungua. Halafu kuna majira. Juni hadi Agosti kule Njombe, Makete au Limuru, hata karani aliyeshika kalamu tu hukataliwa asubuhi na kukubaliwa saa sita mchana. Ndugu walioko Kanada na Ulaya wanaijua hali hiyo kwa miezi mingi zaidi.

Na dawa pia. Mwaka 2009 jarida la Annals of Oncology lilichapisha kisa cha mzee wa miaka 62 kutoka Singapore aliyezuiwa kwa saa nne kwenye uhamiaji wa Marekani kwa sababu hakuwa na alama za vidole kabisa. Alikuwa akitumia capecitabine, dawa ya saratani ambayo huchubua viganja na nyayo. Ukiendesha hospitali au mfuko wa bima, mgonjwa wa namna hii atakufikia.

Jambo la faraja ni kwamba ngozi ya juu hujijenga upya kwa muda wa wiki nne hivi. Aliyesagika juu juu akienda likizo hurudi na alama zake. Kovu lililoingia hadi tabaka la chini ndilo halirudishi kitu.

Kioo cha mwanga

Hii ndiyo mashine iliyo ukutani kwenye ofisi nyingi: kioo kinachowaka taa nyekundu, kijani au buluu, na kamera ndogo chini yake. Mwanga hupigwa ndani ya kioo na kurudishwa. Pale tuta la ngozi linapogusa kioo sawasawa, mwanga haurudi kama kawaida, na kamera inaona mstari. Pale penye bonde kuna hewa, mwanga unarudi wote. Neno la kushika hapo ni kugusa sawasawa. Kinachofanya ngozi ishikamane na kioo ni unyevu. Kidole kikavu kimeweka matuta yake juu ya kioo, lakini kati yake na kioo kumebaki hewa kiduchu, na kamera inapata mistari iliyokatikakatika, sawa na muhuri uliopigwa bila wino wa kutosha. Kidole chenye jasho jingi huleta balaa la upande wa pili: mabonde yanajaa maji na kila kitu kinakuwa doa moja.

Faida zake ni za kweli. Ni rahisi kwa bei, kioo chake ni kigumu, na muhimu kuliko yote kinaweza kuwa kikubwa bila bei kuruka sana. Hilo la ukubwa nitalirudia. Vipo vioo vilivyowekewa utando laini wa silikoni juu yake, na kwa kidole kikavu tofauti huonekana mara moja, maana utando hulala juu ya matuta hata bila unyevu. Kasoro yake ni kwamba utando huchakaa, huchanwa na pete na kucha, na hunasa vumbi. Husafishwa kwa kubandika na kubandua selotepu, wala si kwa kusugua na spiriti. Kabla ya kununua uliza kama utando wa kubadilishia unapatikana nchini.

Usikifunge kioo cha mwanga mahali jua linapokipiga moja kwa moja. Geti la kiwanda linaloangalia mashariki litakupa matatizo kila asubuhi, na lawama zitaangukia vidole vya watu.

Kitambuzi cha umeme

Hapa hakuna kamera. Kuna kipande kidogo chenye vigusio vingi vidogo vinavyopima chaji ya umeme kati yake na ngozi. Tuta lililo karibu linasoma tofauti na bonde lililo mbali. Ndicho kilichozoeleka kwenye simu tangu iPhone 5s ya mwaka 2013, na kimo pia kwenye mashine nyingi ndogo za mkononi.

Tukilinganisha na kioo cha mwanga kwa kidole kikavu, jibu si moja. Ngozi kavu sana huleta ishara dhaifu hapa pia, ila vitambuzi bora hujirekebisha na kuongeza nguvu ya usomaji, kwa hiyo karani wa Njombe anaweza kuhudumiwa vizuri kuliko kwenye kioo cha bei nafuu. Kidole kilicholowa ndicho adui mkubwa. Mtu aliyetoka kunawa anaweza kukataliwa.

Ninachokilaumu zaidi ni udogo wake. Kwenye simu udogo hauumizi, kwa sababu simu inamjua mtu mmoja au wawili, na unaweza kusajili kidole hichohicho mara kadhaa kwa pembe tofauti. Kwenye kiwanda chenye watu mia tatu, kipande kidogo cha kidole kilichosagika nusu hakibaki na alama za kutosha za kumtofautisha mtu na mwenzake. Tena ngozi hugusa kitambuzi chenyewe, hivyo mchanga na mafuta ya mashine hukikwangua na kukiziba. Sehemu za ujenzi, nashauri kisifike.

Mawimbi ya sauti

Samsung ilipotoa Galaxy S10 mwaka 2019 ilitia kitambuzi cha aina hii chini ya kioo cha simu. Kinarusha mawimbi ya sauti tusiyoyasikia na kupima yanavyorudi kutoka kwenye matuta na mabonde. Hakisumbuliwi sana na jasho, na kwa kidole kikavu huwa kina nafuu. Oktoba mwaka huohuo ilibainika kwamba kitambuzi kilisoma michoro ya baadhi ya vifuniko vya silikoni vya kulinda kioo kana kwamba ni alama ya kidole na simu ikafunguliwa na mtu yeyote, kampuni ikalazimika kusambaza marekebisho ya programu. Kwa mashine za ukutani aina hii si ya kawaida, kwa hiyo kama unanunua kwa ajili ya kazi, iache kwenye simu.

Taa za rangi nyingi

Ukiwa na watu wakavu wengi na bajeti inaruhusu, hii ndiyo ya kutazama kwa makini. Badala ya picha moja ya mguso, mashine inapiga picha kadhaa kwa mianga ya rangi tofauti na kutoka pembe tofauti. Mwanga mwingine huishia juu ya ngozi, mwingine huingia ndani kidogo na kurudi. Mpangilio wa matuta ya juu una mizizi yake kwenye tabaka la chini, na mashine huunganisha picha zote kupata alama moja iliyo kamili zaidi. Kampuni ya Lumidigm ya Marekani ndiyo iliyoifanya ijulikane, na mwaka 2014 ilinunuliwa na HID Global.

Kwa bibi wa miaka sabini na muuguzi mwenye mikono ya spiriti, tofauti kati yake na kioo cha kawaida ni kubwa. Kwa fundi wa plasta ni nafuu, si muujiza. Kwa mwenye kovu la moto ncha nzima ya kidole, ni fedha iliyotupwa. Bei yake ni ya juu kwa kiasi cha kukufanya ujiulize kama si bora ununue mashine mbili za kawaida na njia nyingine pembeni. Kwa ofisi yenye watu ishirini ningejibu ndiyo, kwa kituo cha afya kinachohudumia wazee kutwa nzima ningejibu hapana.

Jihadhari na maneno ya kwenye boksi. Mashine nyingi za kioo cha kawaida huandikwa kwamba zinasoma vidole vikavu, vilivyolowa na vilivyochakaa. Baadhi kweli zina taa bora na programu bora. Nyingine zimeandikwa tu.

Ukubwa wa kioo na siku ya usajili

Hapa ndipo ningetaka mnunuzi atumie muda wake mwingi, ingawa ndipo wengi hupapita haraka. Vioo vya kusomea vina madaraja yanayotambulika kimataifa, na muuzaji makini atakutajia. Daraja la FAP 10 lina eneo la milimita 12.7 kwa 16.5. FAP 20 ni 15.2 kwa 20.3. FAP 30 ni 20.3 kwa 25.4. Ukizidisha utaona kwamba FAP 30 inachukua eneo karibu mara mbili na nusu ya FAP 10. Kwa kidole kizima cha kijana, tofauti hiyo haionekani. Kwa kidole ambacho katikati kumesagika na kumebaki pembeni tu, kioo kikubwa kinaokoa zile alama za pembeni ambazo kile kidogo hakikuziona kabisa. Ikiwa nina hela ya kuongeza kwenye kitu kimoja tu, naongeza kwenye ukubwa wa kioo kabla ya kingine chochote.

Halafu usajili. Desturi iliyoenea ni kidole gumba cha kulia, kwisha. Kwa mtu wa kazi za mikono hicho mara nyingi ndicho kilicholiwa zaidi, pamoja na cha shahada. Mbanguaji korosho hushika korosho kwa gumba na shahada. Kidole cha pete cha mkono wa kushoto kinaweza kuwa kizima kabisa. India waliligundua hili walipoanza kutumia Aadhaar, namba yao ya utambulisho wa taifa: wakaweka utaratibu wa kupima vidole vyote kumi vya mtu, kuona kipi kinasomeka vizuri zaidi, na kumwambia atumie hicho. Unaweza kufanya vivyo hivyo kiwandani kwako bila programu yoyote ya ziada. Jaribu vidole kumi, sajili vitatu vilivyo bora kutoka mikono yote miwili, mwandikie mtu kwenye kadi kidole chake ni kipi.

Usisajili watu mia kwa asubuhi moja wakitoka kazini na mikono yenye simenti. Wanawe, wakaushe, wakae dakika chache. Aliye mkavu apewe kitambaa kilicholowa kidogo, au apumulie kidole. Makarani wa usajili wana mbinu yao ya zamani: «Bibi, hebu jipanguse hapa kwenye paji la uso, kisha uweke tena.» Inafanya kazi, na sababu ni kwamba ncha za vidole hazina tezi za mafuta, mafuta yote yaliyopo vidoleni tumeyaokota usoni na kwenye nywele. Mafuta ya mgando yanayopakwa papo hapo hayafai, yanaziba mabonde na kuchafua kioo kwa watu kumi wanaofuata. Glisirini ya usiku, kila siku, inasaidia zaidi ya chochote cha dakika ya mwisho. Aliye na nyufa mwambie arudi wiki ijayo.

Kuna kitu kingine ndani ya mashine ambacho fundi akikifunga haraka hukiacha kilivyo: kiwango cha ukali. Ukikishusha, waliokuwa wakikataliwa watakubaliwa, lakini na yule asiyehusika anaweza kupita kwa jina la mwenzake. Njia nzuri ya kutoka hapo ni kuwataka wenye vidole vigumu waandike kwanza namba yao ya kazi, ndipo waweke kidole. Mashine basi haitafuti kati ya watu mia tatu. Inauliza swali moja tu, huyu ni yule au siye. Kwa swali hilo unaweza kupunguza ukali bila kufungua mlango kwa kila mtu. Mashine nyingi za bei ya kati zina nafasi ya kuweka viwango viwili tofauti, kimoja cha kutafuta na kimoja cha kuthibitisha. Mwambie fundi akuoneshe viko wapi kabla hajaondoka.

Ukiachana na kidole

Uso ndio mbadala unaosukumwa sana sasa, na kwa waliosagika vidole una maana. Hakuna kugusa, hakuna kunawa. Maswali yake ni mengine. Mwanga wa nyuma ya mtu unaharibu, hivyo geti la wazi lisilo na paa ni mtihani. Mfanyakazi mwenye barakoa au kofia ya kazi huivua kwanza. Kwa mwanamke anayevaa nikabu hakikisha mapema kuna njia ya heshima ya kumtambua, si kumwambia ajifunue mbele ya foleni. Na kuna jambo la rangi na asili ambalo halipaswi kufichwa: Desemba 2019 taasisi ya vipimo ya Marekani, NIST, ilipima programu nyingi za uso na kukuta kwamba nyingi zilikosea zaidi kwa kumfananisha mtu na mwingine pale nyuso zilipokuwa za watu wa Afrika Mashariki, Afrika Magharibi na Asia Mashariki. Programu hazifanani, na nyingine zilifanya vizuri. Kwa hiyo jaribio lifanyike kwa nyuso za watu wako, hasa ndugu wanaofanana na mapacha.

Mboni ya jicho ni sahihi kuliko vyote kwa watu wengi, na haijali mikono. Aliyepita Dubai kwa kazi anaijua ile kamera ya macho. Mwanga wake si wa kuonekana, na macho ya kahawia iliyokolea, ambayo ndiyo yetu wengi, husomeka vizuri chini yake. Mtoto wa jicho huweza kuisumbua, na ni ugonjwa wa umri uleule ambao vidole vimechakaa. Kwa mahudhurio ya kawaida naiona ni gharama kubwa mno. Kwa malipo ya pensheni au msaada wa wakimbizi hesabu inabadilika.

Mishipa ya kidole au ya kiganja, kama mashine za Hitachi na Fujitsu zilizotumika kwenye benki za Japani, husoma damu chini ya ngozi kwa mwanga usioonekana. Plasta haiwezi kusaga mishipa. Kwa kiwanda cha korosho, kwa nadharia, hii ndiyo yenye hoja nzuri kuliko zote. Kinachonizuia kuipigia debe ni vipuri na mafundi: mashine isiyo na mtu wa kuitengeneza Mtwara itakaa ukutani kama pambo. Baridi kali nayo hubana mishipa.

Kadi na namba ya siri hazihitaji mwili wowote, na kila mtu anajua udhaifu wake: anayechelewa humpa mwenzake kadi ampigie. Hata hivyo kama njia ya akiba, ikiwa na msimamizi anayeona sura, inatosha kabisa.

Kwamba akiba ni lazima, nchi nzima zimejifunza mbele ya watu. Machi 2015 huko Otuoke, mashine za kura za Nigeria zilishindwa kusoma vidole vya Rais Goodluck Jonathan mwenyewe. Mashine mpya walizoanza kuzitumia mwaka 2021 zinasoma kidole, na kikikataa zinasoma uso. Nchini India, ripoti ya serikali ya hali ya uchumi ya mwaka 2016-17 ilitaja makadirio ya kushindwa kutambua ya asilimia 49 kwa jimbo la Jharkhand na 37 kwa jimbo la Rajasthan, na nyuma ya tarakimu hizo kulikuwa na mgawo wa chakula. Hapa Tanzania usajili wa laini za simu kwa alama za vidole ulianza Mei 2019, ukaongezewa muda hadi 20 Januari 2020, na yeyote aliyepeleka mzazi wake mkulima kwenye kibanda cha wakala anakumbuka yale maneno: «Mama, jaribu na hiki. Haya, na hiki.»

Nani achukue nini

Ofisi, shule na SACCOS ya mjini: kioo cha mwanga cha ukubwa wa kati, vidole vitatu kwa kila mtu, namba ya siri kwa wachache. Usilipe zaidi. SACCOS ya wakulima ni habari nyingine, kwa sababu mwanachama haji kila siku na akikataliwa ni akiba yake inayokataliwa; huko chukua FAP 30 au taa za rangi nyingi, na picha ya mwanachama itokee kwenye kompyuta ili karani athibitishe kwa macho.

Hospitali na zahanati: wauguzi wako ni wakavu, wagonjwa wako ni wazee. Taa za rangi nyingi kwa wagonjwa kama unaweza, uso kwa wafanyakazi. Kamwe matibabu yasisubiri kidole.

Mjengo: uso chini ya banda lenye kivuli, kadi kwa akiba. Vibarua wa mjengo hubadilika kila wiki, na kumsajili saidia fundi vidole kumi kwa kazi ya siku nne ni kupoteza muda wa watu wote wawili.

Kiwanda cha korosho, mkonge au sabuni: usianze na kidole. Ukiwa tayari unayo mashine ya kidole na huwezi kuibadilisha, basi namba kwanza kisha kidole cha pete cha mkono usio wa kazi, na orodha ya wale waliosamehewa kuweka kidole kabisa iwe imesainiwa na meneja, ili mlinzi wa geti asiwe ndiye anayeamua nani kafika kazini.

Chochote utakachochukua, alama za vidole na sura ni taarifa nyeti kisheria: Kenya kwa sheria ya mwaka 2019, Tanzania kwa Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 iliyoanza kutumika Mei 2023. Uliza taarifa zinatunzwa kwenye mashine, kwenye kompyuta yako au kwenye seva ya muuzaji, na zinafutwaje mtu akiacha kazi.

Na kabla ya kulipa, mwambie muuzaji alete mashine pale kazini. Usimwite mhasibu. Waite watano wenye mikono mibaya kuliko wote, mzee wa stoo, mama wa usafi, fundi, mbanguaji wa siku nyingi, mpishi. Wasajiliwe leo jioni, wajaribu kesho alfajiri kukiwa na baridi, kisha tena saa sita wakitoka kwenye kazi yenyewe. Muuzaji akikataa jaribio hilo, tafuta mwingine.